Pete ya wifi kwenye pindo la khanga, Mji Mkongwe

Mdogo wangu wa kiume aliponiambia anataka kumvisha wifi pete kwa sapraizi, kitu cha kwanza nilichomuuliza ni kama wameshaongea habari za ndoa wao wawili. Akasema wameongea sana, mpaka mambo ya watoto. Nikamwambia basi twende kazi, maana kwangu mimi sapraizi iwe ni siku na mahali tu, jibu lenyewe uwe unalijua moyoni, hizi za kumpigia mtu goti katikati ya umati watu wote wamewasha simu wanarekodi na dada wa watu hana pa kutazama, sizipendi kabisa. Mama yake wifi nilimpigia mwenyewe kumuomba ruhusa, akafurahi, akasema haya lakini baada ya pete nataka barua nyumbani.

Mahali hatukubishana. Watu wanaota Paris, wacha waote, sisi tuna Mji Mkongwe wa Zanzibar hapo ng'ambo, mji umeangalia magharibi jua linazama baharini unaliona, nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchongwa, vichochoro vyembamba vya kutembea mmegusana mabega. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 ila sisi tulikuwa tunaupenda siku zote.

Kipimo cha kidole nilikipata hivi, wifi alikuja kwangu akavua pete yake ya fedha aoshe vyombo, nikaenda nayo chumbani nikaichomeka kwenye mshumaa mpaka ikakwama, nikachora alama na kisu nikairudisha pale pale. Sonara wa Kariakoo akapima kwenye ule mshumaa na pete ikatoka sawasawa.

Wao walikuwa wanakuja kesho yake, mimi nikatangulia na boti ya asubuhi, safari ya kama masaa mawili hivi uko Unguja, usisahau kitambulisho tu. Wifi alijua tunaenda kununua khanga za arusi ya binamu yetu na kwamba yeye atalala na mimi chumba kimoja, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi wowote.

Nikaanzia Forodhani. Jioni pale pananoga, mishikaki inachomwa, juisi ya miwa inakamuliwa na tangawizi na ndimu, vijana wanakimbia wanaruka baharini mmoja baada ya mwingine. Nyuma yako ndiyo Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lile ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, mimi kila nikiliangalia roho inaniuma. Lakini kwa pete hapana, watu wengi mno. Nikapanda juu ya paa la hoteli moja, pazuri kweli, ila meza zimebanana na muziki uko juu, maneno yake angeyasema kwa kupiga kelele.

Ndipo nikashuka ufukweni nikamkuta nahodha mmoja mtu mzima anashona tanga. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikamweleza shida yangu. Hakuanza na bei, aliuliza kwanza binti anaogopa bahari? Nikamwambia haogopi. Akauliza siku, akahesabu kwa vidole, akasema siku hiyo mwezi mpevu, bamvua, yaani maji makubwa, jioni maji yatakuwa bado mengi mtapandia hapa hapa, ingekuwa maji mafu, yale madogo, saa hizo yamekupwa ningekwambia lingine. Halafu akasema kitu ambacho mimi wa bara nisingekifikiria. Jua likizama tu ni magharibi, misikiti yote inaadhini, basi kijana asipige goti wakati huo, nyamazeni mpaka imalizike ndiyo aseme yake, mwanga utakuwepo bado. Tukaelewana na bei wala hatukuvutana.

Kazi ya mwisho ilikuwa khanga. Darajani nilizunguka maduka mpaka miguu ikauma, maana rangi zipo tele lakini mimi nilitaka jina, na majina mengi ni ya kupigana vijembe. Mama muuzaji akanishushia doti moja nyekundu na nyeupe, imeandikwa WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Nikalipa hapo hapo. Usiku nikaifunga pete kwenye pindo, fundo kama bibi zetu walivyokuwa wanafunga hela.

Kesho yake jioni tukapanda mashua, sisi watatu, nahodha na baharia wake. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo wa kusi unavuma, tanga limejaa, wifi anapiga picha tu hana habari. Kama saa kumi na mbili na nusu jua likaingia majini. Nahodha akaamuru tanga lishushwe. Adhana ikaanza msikiti mmoja, ukadakia mwingine, na mwingine, mpaka mji mzima ukawa unaita, sisi kimya kabisa, na kule nyuma ya mapaa mwezi mkubwa unatoka. Ilipoisha nikampa wifi khanga yake nikamwambia zawadi yako hii, angalia pindoni kuna kitu.

Fundo lilikuwa limekaza. Vidole vyake vilihangaika nalo, akashika kile kitu kigumu ndani, akasimamisha mikono, akanitazama mimi, akageuka kumtazama mdogo wangu na yeye alikuwa ameshapiga goti, mashua inayumba na baharia amemshika shati kwa nyuma asianguke. Aliongea taratibu, maneno yake ni yao siyaandiki hapa. Wifi alijibu ndiyo kabla hajamaliza, analia, fundo bado hajalifungua, ikabidi wafungue wote wawili.

Tuliposhuka tukaenda Forodhani kula, wifi akampigia mama yake akaweka spika, mama akapiga vigelegele mpaka meza ya jirani wakageuka, halafu baba akachukua simu akauliza mshenga ni nani na anakuja lini. Mimi nikamjibu, mshenga ni baba yetu mdogo, barua anayo tayari, anasubiri baba umpangie siku.