Morogoro, usiku wa kwanza wa mshindi

Wimbo wa kwenye shindano la runinga ni wa dakika mbili. Ubeti mmoja, kiitikio, unapanda juu, unamalizia kwa sauti ndefu, majaji wanasema yao. Mimi nimepiga gitaa la rithim katika bendi za dansi Dar es Salaam tangu ujana wangu, na kwenye dansi dakika mbili ni za kuingilia tu, watu hata hawajainuka vitini. Kwa hiyo tulipoitwa kumfanyisha mazoezi binti aliyekuwa ametoka kushinda, nilijua kazi itakuwa wapi kabla sijamsikia akifungua mdomo.

Jina lake silitaji, na shindano lenyewe silitaji. Yupo, anaimba, ana watoto sasa, na haya ninayoyasimulia nimeyaona mimi kwa upande wangu wa jukwaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Morogoro, ameongoza kwaya tangu akiwa shule ya msingi. Sauti yake ilikuwa nzito chini na safi juu, sauti ya kweli. Aliyesema alibebwa na kura za simu hakuwahi kukaa naye chumba kimoja.

Mazoezi tulifanyia Kinondoni, kwenye chumba chenye feni moja na godoro lililoegeshwa dirishani kuzuia kelele. Tulikuwa wanne: besi, drams, kinanda na mimi. Tukaanza na wimbo uliompa ushindi, kwa sababu ndio aliouzoea. Aliuimba vizuri mno. Ilipofika dakika ya pili akatoa ile sauti ndefu, akashusha maiki, akasimama wima na mikono mbele, macho yametulia ukutani. Sisi tulikuwa bado tunapiga. Tukazunguka kodi zile, yaani sauti za gitaa zinazobeba wimbo, mara moja, mara ya pili, mpiga drams akaanza kucheka. Binti akanigeukia.

"Anko, baada ya hapa nini?"

Nikamwambia, "Baada ya hapa ndiyo shoo, mwanangu."

Nimesikia watu wengi wakisema washindi wa mashindano haya hawadumu, kana kwamba ni watoto wavivu waliopewa hela wakazila. Maneno hayo yananiuma. Walter Chilambo aliondoka na shilingi milioni 50 za Bongo Star Search mwaka 2012, na leo wanaomjua kwa nyimbo za injili ni wengi kuliko wanaomkumbuka kwa shindano. Peter Msechu alishika nafasi ya pili kwenye shindano hilohilo mwaka 2009, nyuma ya Pascal Cassian. Mwaka uliofuata akaenda Nairobi kwenye Tusker Project Fame, akashika ya pili tena, nyuma ya Davis wa Uganda, na mpaka kesho Msechu ni jina. Kudumu kwao kulitokana na kazi waliyoifanya baada ya taa kuzimwa, na kazi hiyo hakuna jaji anayeifundisha. Mshindi anakabidhiwa hundi kubwa ya maboksi, anapigwa picha, wiki inayofuata anazungushwa redio hii na redio ile kuhojiwa, anaitwa kwenye harusi kuimba wimbo mmoja, na sauti inakauka kwa kuongea kabla haijakauka kwa kuimba. Halafu siku moja promota anampigia simu: njoo utumbuize saa nzima.

Huyu wetu promota alimwita nyumbani kwao. Shoo yake ya kwanza ya kulipwa, jina lake peke yake kwenye bango, Jumamosi usiku, Morogoro.

Na Morogoro usiichukulie poa kwa muziki. Ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba. Ndio mji wa Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa Morogoro Jazz mpaka bendi ikafika Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Wote wawili ajali za barabarani ziliwachukua, Salum mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979 kule Mombasa. Wazee waliowacheza wakiwa vijana bado walikuwapo, na wazee wa aina hiyo huja ukumbini mapema, hukaa mbele, hawapigi makofi ovyo.

Alikuwa na nyimbo sita za shindano, zote za watu, na mmoja wake mwenyewe ambao redio zilikuwa zimeanza kuupiga. Huo wa kwake ndio uliotutoa jasho. Prodyuza alitengeneza biti kwanza, sauti ikaja kufuata. Ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa, ilikuwa A, na kiitikio kilimpandisha mahali ambapo studio unafika kwa kuimba kipande, ukapumzika, ukarudia, mashine ikanyoosha palipopinda. Jukwaani anafika mara moja, mara ya pili koo linabana. Tukaushusha hadi F. Ghafla ile sauti yake ya chini ikaonekana, ile ambayo redioni hakuna aliyewahi kuisikia, na wimbo ukawa mwingine, wa mtu mzima zaidi.

Meneja wake hakufurahi. Alikuwa kijana mwenye simu mbili, na nadhani alimtakia mema kwa namna yake. Alitaka tupeleke CD, binti aimbe juu yake, bendi ikae tu kwa ajili ya picha. "Watu wanataka kusikia kama redioni," alisema. Binti alikuwa amekaa juu ya spika anakunywa maji ya moto, akamjibu bila kupandisha sauti.

"Mama zangu wa sokoni walikuwa wananunua vocha za kunipigia kura. Nikienda pale na CD watasema kumbe hata kwenye runinga nilikuwa nadanganya."

Baada ya hapo suala la CD halikurudi.

Tulifika Msamvu alasiri, joto la Morogoro limetulia juu ya mji, Uluguru imevaa mawingu. Mabango yalikuwa na picha yake ile ya usiku wa fainali. Ukumbini fundi mitambo alikuwa na spika za kutosha kwa disko, si kwa bendi, ikabidi besi apige kwa adabu usiku kucha. Mama yake alikuja na wali na maharage kwenye hotipoti, tukala nyuma ya jukwaa. Binti hakula.

Saa nne usiku ukumbi ulikuwa umejaa. Nilimsikia mshereheshaji akimtaja, nikausikia ule mlio wa watu wanaoona mtoto wao amerudi, mlio ambao kwa miaka yote niliyopiga sikuwahi kuusikia kwa bendi yangu. Akaanza na wimbo wa ushindi, kama tulivyopanga. Dakika mbili, sauti ndefu, ukumbi ukapasuka. "Rudia! Rudia!" Akarudia. Wakataka tena. Akawapa tena. Hapo nikaanza kuhofu, kwa sababu nilimwona anatumia koo lote kila mara, kama mtu anayeshindania kura upya, na saa ilikuwa haijafika hata nne na nusu.

Mzee mmoja meza ya mbele, kofia ya kufuma kichwani, akainua mkono nyimbo zilipotulia. Akataja wimbo wa Mbaraka. Ukumbi ukakaa kusikiliza binti atasema nini. Angeweza kucheka apite. Akamwambia kwenye maiki, "Babu, siujui. Nikija tena nitakuja nao." Mzee akatikisa kichwa kukubali, akakaa. Nilimpenda sana binti yule kwa jibu lile.

Tukaingia wimbo wake mwenyewe, kwa F. Wasioujua walianza kuongea, glasi zikaanza kusikika. Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote kwa msanii aliyetoka kwenye runinga: watu wamekuja kumwona akiimba wanachokijua, naye anawaletea kitu wasichokijua. Akamaliza ubeti wa pili, akamaliza kiitikio, na nilimwona mkono wenye maiki unaanza kushuka, ule ushukaji wa Kinondoni. Nikasogea karibu yake, nikaendelea na kodi mbili zilezile, F na B-flati, F na B-flati, besi akanifuata, drams akapunguza. Nikamwambia kwa mdomo bila sauti: kaa hapo.

Akakaa. Mzunguko wa kwanza hakuimba kitu. Wa pili akaanza kutaja: Msamvu. Kihonda. Mji Mpya. Bigwa. Kila mtaa alioutaja ulimjibu kwa kelele kutoka pembe yake. Hilo sikumfundisha mimi. Waimbaji wa dansi wamelifanya tangu enzi, lakini yeye, nilikuja kuelewa baadaye, alilitoa kwenye kwaya, kule anapoita kiongozi na watu wakaitikia, na wimbo unaendelea mpaka kiongozi aseme basi. Alikuwa nalo siku zote. Runinga haikuwa na nafasi ya kuliona, kwa kuwa dakika ya pili imeshafika. Akawagawia kipande cha kiitikio, wakakishika. Akawaacha waimbe peke yao, akaingia juu yao kwa sauti ya chini, ile nzito. Wanawake wa sokoni wakasimama.

Wakaja mbele kumtunza, mmoja mmoja, wakicheza, na noti mkononi: elfu mbili, elfu tano. Wa kwanza alipomweka noti begani, binti akakatisha wimbo. "Asante mama, asante sana, Mungu akubariki," kwa maiki, kwa heshima, kama alivyofundishwa kuwashukuru majaji. Wimbo ukatetereka. Nikamsogelea tena.

"Usisimame kushukuru. Imba. Shukuru kwa kuimba."

Aliyefuata alipofika, binti akapinda goti kidogo, akapokea kwa mkono wa kushoto uliokuwa hauna maiki, kisha akaona aibu ya mkono wa kushoto mbele ya mama mtu mzima, akabadilisha maiki mkono mwingine katikati ya mstari, hata neno moja halikudondoka. Akapokea kwa kulia. Na aliyefuata vilevile. Akaanza kuwaimbia kila mmoja mstari wake, ameuelekeza usoni kwake. Mama mmoja akafungua khanga yake ya mabegani, akamfunga binti kiunoni, akazunguka naye. Kwenye ukumbi wenye mamia ya watu yule mwimbaji alikuwa anaimba na mtu mmoja mmoja, na mimi nyuma yake mikono ilinisisimka. Nimepiga na waimbaji waliochukua miaka mingi kujua hilo.

Wimbo wake ule, wa dakika tatu na nusu redioni, sijui ulikwenda dakika ngapi usiku ule. Yeye ndiye aliyeumaliza. Alinyoosha mkono, tukakata pamoja.

Mwisho wa shoo yalikuja mambo ya hela. Promota alisema ukumbi umekula gharama, akatoa nusu ya tulichokubaliana, iliyobaki akaahidi. Meneja akachukua sehemu ya ofisi kwenye ile nusu, na kwetu sisi wapigaji ikabaki nauli. Binti alikuwa bado na khanga kiunoni. Akamwaga mezani noti zote za kutunzwa, zimelowa jasho, akaanza kuzinyoosha na kuzipanga. Meneja akasema na hizo zinapaswa kupita ofisini, mkataba unasema mapato yote ya shoo. Mama yake, ambaye usiku mzima alikuwa hajasema neno na watu wa Dar, akainua uso.

"Baba, mkataba ni wa shoo. Hizi watu wamempa mtoto wao."

Meneja akanyamaza. Binti akatugawia sisi wanne kwanza, sawasawa, akampa fundi mitambo, kilichobaki akampa mama. Kisha akaomba ule mkataba. Alikuwa ameusaini siku ya pili baada ya ushindi, na alisema pale mbele yetu sote kwamba anataka mtu amsomee kifungu kwa kifungu kabla ya shoo nyingine. Alisomewa, na ulibadilishwa, ingawa ilichukua muda na maneno mengi.

Tuliondoka alfajiri kwa Kosta. Wenzangu walilala kabla ya Mikese. Yeye hakulala, alikuwa ametoa daftari, anamgusa bega mpiga besi, ambaye ni mtu mzima kuliko sisi wote na anazijua nyimbo za Mbaraka kuliko anavyoijua namba yake ya simu.

"Babu, ule wimbo wa yule mzee. Nitajie maneno."

Mpiga besi akamtajia mstari kwa mstari, macho yamefumba, binti anaandika daftari likiruka kwenye mashimo ya barabara. Tulipofika Chalinze kununua chai alikuwa na beti zote. Akaziangalia, akaniuliza mimi, "Anko, tunauweka ki gani?"

Mpiga besi akanijibia. "Wewe anza kuimba. Sisi tutakufuata."