Usiku wa kumsubiri Hidaya
Jamani Mei 2024 siisahau, TMA, wale wa hali ya hewa, wametangaza kimbunga Hidaya kinakuja, boti za Zanzibar zimesimama, sisi Dar tumejazana barazani tunasubiri mwisho wetu. Mama mwenye nyumba ananiambia nilipe kodi usiku huohuo maana ahera hakuna wakala, muuza chipsi anakaanga mayai yote yaliyobaki eti tusife na njaa halafu tufe tena na upepo😂 Tulicheka mpaka machozi ila mkono wa mwanangu sikuuachia kabisa.

Kesho yake kikatua Mafia kikapungua nguvu. Wenzetu kule nyumba ziliezuliwa, barabara ya Lindi ikakatika, iliniuma sana. Majirani zangu nawapenda, bila ule utani nisingepata hata lepe la usingizi.