Nyumba mpya karibu na mchanga wa Shela: anza na maji

Mpango wa nyumba mpya ukitajwa kisiwani Amu (Lamu, Kenya), mabishano huanza na idadi ya ghorofa na nani atapewa nyumba. Hayo yana nafasi yake. Lakini kiwanja kikiwa upande wa Shela, la kwanza kuulizwa ni maji. Visima vinavyonywesha mji viko kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na kisiwa hakina mto wa kukimbilia vikiharibika.

Maji yale hayatoki mbali. Mvua ya masika huzama mchangani, ikakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi chini ya usawa huo. Kwa hiyo maji yakishuka sentimita 10 kwa kuvutwa kupita kiasi, hatimaye mita 4 hupotea kutoka chini. Mashine kubwa kwenye kisima kimoja huleta balaa upesi zaidi, kwani chumvi hupanda pale pale chini ya bomba, na kisima kikishaingia chumvi huweza kuchukua miaka kurudi. Visima vingi vifupi vinavyovutwa polepole ni salama kuliko kimoja kirefu. Ukisoma kwenye ripoti ya mradi kuhusu athari kwa mazingira kwamba mradi utachimba kisima chake, uliza kina, lita kwa saa, na umbali wake kutoka visima vya mji.

Kisha piga hesabu ya majitaka, maana hapo ndipo michoro mingi huwa dhaifu. Chukua nyumba 60, kila moja watu 5, kila mtu lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 30,000, na karibu asilimia 80 hurudi kama majitaka: lita 24,000 kila siku. Ili uchafu utue, majitaka yakae kwenye tangi la chini ya ardhi siku 2 hivi, yaani mita za ujazo 48. Ongeza tope, kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka: kwa watu 300 na miaka 3 kabla ya kunyonywa, ni mita za ujazo 36. Jumla 84. Mchoro ukionyesha tangi la mita za ujazo 20, tope litavuka mapema na kuziba shimo ambamo maji ya tangi huzama ardhini, kisha majitaka yatafurika juu. Hata tangi likiwa la kutosha, maji yanayotoka humo bado ni machafu. Mchanga huchuja baadhi ya vijidudu, ila nitrati, kemikali itokanayo na kinyesi na mkojo, huenda na maji hadi kisimani. Na tope lenyewe litatolewaje? Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye vichochoro vya punda. Ripoti isiyojibu swali hili haijakamilika, na ni haki kabisa kuikataa.

Mchanga nao ulindwe. Kilima kikichotwa kwa ujenzi, tabaka linalopokea mvua na kulinda maji hupungua. Isitoshe mchanga ule ni laini na huweza kuwa na chumvi inayoozesha nondo, kwa hiyo zege lake halidumu. Mkataba useme wazi mchanga utatoka wapi na utaletwa kwa chombo gani.

Sasa sheria, maana hoja nzuri ikichelewa ni bure. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna ujenzi bila idhini ya kaunti, na mwombaji lazima awatangazie wananchi ombi lake. Jambo ambalo wengi hawalijui: kaunti isipomjibu mwombaji kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Kwa hiyo ukimya wa ofisi usikutulize. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Upande wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mradi wa nyumba zaidi ya 100 unahitaji utafiti kamili wa athari kwa mazingira. Mdogo kuliko huo huweza kupita kwa ripoti ya mradi bila utafiti kamili. Hapa kaa macho: mradi mkubwa huweza kukatwa vipande, awamu ya kwanza nyumba 60, ya pili 60, kila moja ikiombewa peke yake. Ukiona neno awamu, omba ramani ya kiwanja chote. Wala usidharau kushirikishwa kwa umma. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi, Lamu, ilifutwa na jopo la kitaifa la mazingira, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Barua ya pingamizi iwe fupi. Taja namba ya kiwanja, namba ya ombi na ukurasa wa ripoti unaoupinga, weka hesabu yako, kisha sema unataka nini. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Saini 200 chini ya malalamiko ya jumla hazina uzito wa ukurasa mmoja wenye hesabu ya tangi.

Vipimo vya visima vichukuliwe kabla ya ujenzi kuanza: mwisho wa kaskazi, visima vikiwa chini kabisa, na tena baada ya masika. Pimeni kina cha maji, chumvi na nitrati. Bila kipimo cha awali, mwenye mradi atasema kisima kilikuwa na chumvi tangu zamani, nanyi hamtakuwa na la kumjibu.

Na kaunti ikielekea kukubali, ombeni masharti yaandikwe ndani ya idhini yenyewe: mtambo wa kusafisha majitaka ukamilike kabla familia ya kwanza kuhamia, maji ya paa yaingie birikani, na kichimbwe kisima cha uchunguzi kati ya nyumba na visima vya mji, kipimwe kila mwezi na matokeo yabandikwe hadharani.