Mwendo wa Yakobo Ndani ya Laga ya Milgis

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii Mwanzo 33 imenibana. Esau anataka waongozane na nduguye, naye anajitolea kutangulia. Yakobo anakataa kwa heshima: watoto ni wadogo, mifugo inanyonyesha, na ikikimbizwa siku moja tu kundi lote litakufa. Tusisahau pia kwamba Yakobo mwenyewe alikuwa akichechemea. Alikuwa ametoka kushindana usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki, na nyonga yake imeguswa. Aliyetoka mbele za Mungu akichechemea hana tena haja ya kuwa wa kwanza kufika.

Nasema haya kwa sababu mvua za Machi zinakaribia, na ndugu kadhaa wanajiandaa kushuka Milgis kwa pikipiki, wawili wawili, kuwaona waumini kabla njia hazijafungwa. Laga hiyo mnaijua: mto wa mchanga, mkavu mpaka mvua inyeshe, huko Samburu kaskazini mwa Kenya, katikati ya milima ya Ndoto na ya Mathews, na makorongo ya mawe yanayoingia humo kutoka pande zote mbili. Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili, Luka 10. Lakini wawili wanaoondoka pamoja asubuhi, mmoja akafika jioni na mwingine akalala njiani, hao wamesafiri kila mtu peke yake.

Basi niwaseme kwa upendo ninyi wenye injini zenye nguvu na mikono iliyozoea mchanga. Mnakimbia, mnasimama kwenye kivuli cha mgunga, mnakunywa maji. Mwenzenu anapotokea amelowa jasho, mnawasha injini na kuondoka. Ninyi mmepumzika, yeye hajapumzika. Baada ya mara tatu za namna hiyo mikono yake haina nguvu tena ya kushika usukani, na hapo ndipo anapoanguka. Mkamlaumu kwamba hajui kuendesha! Wakiendeshwa kwa nguvu siku moja tu, asema Yakobo. Siku moja tu.

Kwa hiyo mdhaifu ndiye aweke mwendo. Akifika mliposimama, mpeni naye dakika kumi zake kamili. Kila kona ya korongo, anayetangulia atazame nyuma, na kila laga ndogo inapoingia asimame mpaka aione taa ya mwenzake. Dakika tano zikipita bila taa, ageuze arudi. Wa nyuma naye asitoke kwenye alama za magurudumu. Mizigo igawanywe kwa hekima: Biblia na unga viende kwenye pikipiki yenye nguvu, lakini pampu, vyuma vya kufungulia tairi na viraka abebe wa nyuma. Wa mbele akipata pancha, msaada unamjia wenyewe. Wa nyuma akipata pancha na pampu iko mbele, ataketi juani. Maji kila mtu abebe ya kwake, lita tano kwa siku au zaidi. Msiwekeane maji.

Mkiingia kwenye mchanga mwororo, punguzeni upepo wa tairi kutoka pauni 28 hivi hadi 18. Mkishuka chini zaidi, tairi itateleza kwenye rimu na kuizungusha tyubu mpaka ing'oe vali. Nati ya vali iacheni juu karibu na kifuniko, msiikaze kwenye rimu, ili vali ikianza kulala upande muione mapema. Mkifika kwenye mawe rudisheni upepo, maana tairi laini ikigonga jiwe tyubu hubanwa na rimu, ikatoboka matundu mawili sambamba.

Simameni kwenye vikanyagio, uzito nyuma, gia ya pili, resi isikatike, na breki ya mbele msiiguse. Gurudumu la nyuma likizama, acheni kupiga resi. Mnachimba kaburi, na klachi itaanza kunuka. Zimeni, ilazeni pikipiki ubavu, jazeni shimo kwa mchanga, iinueni, kisha mmoja asukume. Hapo Mhubiri 4 inasomeka bila mfafanuzi: "ole wake aliye peke yake aangukapo." Pikipiki ikimlalia mtu mguuni, silensa ya moto inamchoma huku petroli ikimwagika kutoka kwenye kabureta. Mwenzake afunge koki ya mafuta kwanza, kisha ainue. Lakini atainua nini akiwa kilomita nne mbele?

Kuhusu mafuriko nitasema machache. Mvua hunyesha milimani na maji hukufikia chini ya anga safi, yakitanguliwa na mngurumo kama wa lori na povu lenye vijiti. Msilale ndani ya laga hata kama mchanga ni mkavu kiasi gani. Maji yakiwa yanapita, mmoja avuke kwanza kwa miguu. Yakifika gotini, subirini. Injini ikimeza maji msipige kiki, mnaweza kupinda kono la pistoni. Fungueni plagi, ndipo mpige kiki maji yatoke, na mtazame oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, imwageni muweke nyingine.

Mahali pa kusimama, nani atangulie, dakika ngapi za kusubiri, na kwamba kuwasha taa mara tatu maana yake ni "simama": hayo yote yasemwe kabla ya kuwasha injini, baada ya maombi, mkiwa bado mnatazamana usoni. Mkishavaa kofia na upepo wa korongo ukianza kuvuma, honi haisikiki.