Springi kali ya nini kama hewa inavuja?

Vijana wanaotaka kujitengenezea blasta, yaani bunduki ya kuchezea inayorusha vishale vya sponji, wakinijia, swali lao la kwanza huwa moja: "Fundi, springi kali naipata wapi?" Na mimi jibu langu ni lilelile kila mara. Springi iache kwanza. Nionyeshe hewa yako inapovujia.

Mimi ni fundi bomba, nipo Ngamiani, Tanga. Mchana nafunga mabomba ya watu, jioni nakaa uani na msumeno wa chuma, msasa na vipande vilivyobaki kazini, naunda blasta. Mchezo huu uliingia nyumbani kwetu kupitia dada yangu anayeishi Muscat. Aliporudi likizo aliwaletea wanangu na wapwa zangu blasta mbili za dukani za chapa ya Nerf, na vishale vyake havikuchelewa kupotelea juu ya mabati na kwa majirani. Dukani sikuvipata. Basi nikachukua bisibisi nikazifungua zile Nerf nione zinafanyaje kazi, na tangu siku hiyo sijaacha.

Ndani hakuna maajabu. Kuna silinda, kuna pistoni, kuna springi inayoisukuma pistoni mbele. Springi haikigusi kishale hata kidogo. Kinachokisukuma ni hewa iliyobanwa mbele ya pistoni, nayo ina nafasi tatu za kutoroka: pembeni mwa pistoni, kwenye maungio kati ya silinda na mtutu, na pembeni mwa kishale chenyewe. Ukiweka springi yenye nguvu mara mbili huku njia hizo ziko wazi, utakuwa unavuta kwa taabu mara mbili ili upulize hewa uani. Baadhi ya blasta za dukani zina jambo la nne pia, kizuizi kidogo cha plastiki nyuma ya mtutu kinachofunga hewa kama hakuna kishale. Kimewekwa ili mtu akifyatua bila kishale, pistoni iende taratibu isijigonge. Hata kishale kikiwemo, hewa bado inalazimika kupenya kwenye vitundu vyake. Wengi wanaoanza kurekebisha Nerf huanza kwa kukitoa hicho, nami nilianzia hapohapo.

Marekani wanaounda blasta kutoka sifuri wana mapokeo yao. Yupo mbunifu anayejulikana kwa jina la Captain Slug. Ndiye aliyebuni blasta iitwayo +bow, na baadaye nyingine iitwayo Caliburn, ambayo sehemu zake nyingi huchapishwa kwa printa ya 3D, na michoro yake ameitoa bure kwa yeyote. Wao hutumia bomba la CPVC, aina ya PVC inayostahimili maji moto, la nusu inchi kuwa mtutu kwa sababu uwazi wake wa ndani ni kama milimita 12.4, na hushika vizuri vishale vyao vya kujitengenezea. Hapa kwetu bomba la PVC la nusu inchi ni pana mno, kishale kinacheza ndani kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Ila sisi mafundi bomba tunayo PPR, lile bomba nene tunalolichomelea kwa pasi. PPR ya milimita 20 daraja la PN20 ina ukuta wa milimita 3.4. Toa ukuta wa pande zote mbili, inabaki milimita 13.2. Kishale kina kipenyo cha karibu milimita 13. Yaani mtutu nilikuwa nao begani kila siku nikienda kazini.

Tatizo la PPR ni kwamba haikubali gundi. Gundi ya PVC juu ya PPR ni sawa na kupaka maji. Kwa hiyo maungio yangu ni ya nyuzi: upande wa mtutu nachomelea soketi ya PPR yenye nyuzi za shaba za nusu inchi, na upande wa silinda, ambayo ni bomba la PVC la inchi moja na nusu, nafunga bushi za kupunguzia mpaka kufika nusu inchi. Nazungushia thredi tepu, nakaza kwa spana, na pale hewa haipiti tena. Shaba inaongeza uzito mbele, lakini uzito huo unatuliza mkono wakati wa kulenga, na mtutu naweza kuufungua nikaweka mwingine mrefu au mfupi bila kuvunja kitu.

Sasa pistoni. Wenzetu wanaagiza oringi, zile pete za mpira za kuzibia, na sili za vikombe kwa vipimo vyao. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, mafundi wake hukosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi, leo umekuja na gurudumu au na maneno?"

Nikamwambia nataka ile ngozi ya ndani ya pampu kubwa ya kusimama. Akafungua kopo, akatoa moja, akaikunja kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ukingo ukafunguka. "Hii usiiache ikauke," akasema. "Ikikauka inasinyaa, ikisinyaa unapampu hewa ya Mungu tu. Itie mafuta ya cherehani, iache ilale usiku mzima, asubuhi utaikuta laini."

Ngozi ile ina umbo la kikombe, ukingo wake unatazama mbele. Pistoni ikisukuma, hewa inaingia ndani ya kikombe na kuutanua ukingo ushike kuta za silinda, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo ukingo unavyozidi kushika. Ukivuta pistoni nyuma, ukingo unalegea na hewa inapita pembeni, kwa hiyo kishale hakivutwi kurudi nyuma wakati unajaza. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili, na kila fundi baiskeli anacho kwenye kopo. Silinda yangu ina kipenyo cha ndani cha milimita 38, na ngozi ya pampu ile inaingia ikigusa pande zote bila kulazimishwa. Kabla ya kuifunga, ndani ya bomba nasugua kwa msasa laini uliolowa maji mpaka mikwaruzo iishe, kwa sababu mkwaruzo mmoja mrefu ni mfereji wa hewa. Kisha napaka grisi ya silikoni, siyo ya magari, maana ile ya magari inaharibu baadhi ya mipira na plastiki.

Kupima ni rahisi. Ziba mdomo wa mtutu kwa kidole, achia pistoni taratibu. Ikisimama katikati na kukataa kwenda mbele, umefaulu. Ikiendelea kuteleza, lowesha maungio kwa maji ya sabuni utafute povu, vilevile kama unavyotafuta uvujaji kwenye mtungi wa gesi.

Kuhusu springi zenyewe, sikuzitafuta. Natumia mpira wa manati. Vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kimoja kila upande wa silinda, vinaivuta fimbo ya pistoni mbele. Mtoto yeyote aliyewahi kuwinda ndege anajua kwamba tyubu si zote sawa: ile nyeusi ya siku hizi, ya butili, inarudi kivivu, lakini mpira wa asili ukiuachia unaruka. Uzuri wa mpira ni kwamba nguvu unaipanga kwa mkasi. Ubaya wake ni jua, maana ukiuacha juani unapasuka, na vipande viwili visipolingana upana, fimbo inakwenda upande na ngozi inaliwa. Kwa hiyo navikata vyote kwenye tyubu moja, nikivipima kwa rula.

Kishikio cha kufyatulia nimekikata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Ni kipande bapa chenye tundu, kinapanda na kushuka kwenye mfereji wake. Fimbo ina mkato. Ukivuta nyuma, kipande kinashuka na kuingia kwenye mkato, na ukibonyeza kifyatulio kinapanda na kuiachia. Ukingo wa mkato lazima uwe wima kabisa. Ukiwa na mteremko hata kidogo, blasta itajifyatua yenyewe, na hilo sitalikubali kwenye kitu kitakachoshikwa na watoto. Mbele ya pistoni nagundisha duara la sponji ya kandambili iliyochoka, likinge mgongano.

Urefu wa mtutu unastahili hesabu. Pistoni yangu inatembea sentimita 10, kwa hiyo inasukuma karibu mililita 113 za hewa. Mtutu wa PPR wa sentimita 28 unabeba karibu mililita 38. Uwiano wa tatu kwa moja, na hapo ndipo ninapopata mwendo mzuri. Watu wanadhani mtutu mrefu unaongeza nguvu daima, kama bunduki za kweli. Hapana. Pistoni ikishafika mwisho hakuna hewa mpya, kishale kinaendelea kusugua kuta, na mbele ya safari mgandamizo nyuma yake unashuka hadi kuanza kukivuta. Kata kidogo, piga, pima, kata tena.

Kupima mwendo natumia simu tu. Naweka debe mita 6 kutoka mdomo wa mtutu, narekodi sauti, halafu naifungua rekodi kwenye programu ya kuhariri sauti na kuangalia muda kati ya mlio wa kufyatua na mlio wa debe. Tuseme ni sekunde 0.22. Sauti yenyewe imetumia kama sekunde 0.018 kurudi kutoka kwenye debe, kwa hiyo unaitoa, inabaki 0.202. Mita 6 gawanya kwa 0.202 ni karibu mita 30 kwa sekunde. Nerf za Elite za dukani zinazunguka kwenye mita 20 na ushee. Mimi nipo kwenye hizo 30, kwa mpira wa manati mtoto wa darasa la sita anaouvuta bila kukunja uso, na sitaki zaidi. Nishati ya kishale inapanda kwa mraba wa mwendo: kishale cha gramu moja kwa mita 30 ni chini ya nusu jouli, lakini kwa mita 45 inapita jouli moja. Hapo umehama kwenye mchezo wa watoto wa uani.

Miwani ya kukinga macho ni lazima hata kwa anayetazama. Vishale havina chuma wala risasi ya chubwi mbele, ni gundi ya moto tu iliyofinyangwa duara. Blasta zote nazipaka rangi ya machungwa na njano na haziendi barabarani. Na jambo moja nalisema kama fundi bomba: usijaze bomba la PVC hewa ya kompresa. PVC imetengenezwa kwa ajili ya maji. Maji hayabaniki, bomba likipasuka yanamwagika. Hewa iliyobanwa ikipasua PVC inarusha vipande vyenye makali. Kwenye blasta ya pistoni mgandamizo unadumu kitambo kidogo mno na ni mdogo, ndiyo maana nalala usingizi.

Mtu ninayemheshimu sana katika mambo haya ni Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyefanya kazi NASA. Mwaka 1982, nyumbani kwake, alikuwa akijaribu pampu ya joto inayotumia maji badala ya gesi. Akafunga mdomo wa bomba lake kwenye sinki la bafuni, maji yakaruka kwa kasi iliyomshangaza. Kutoka pale akaunda Super Soaker, bunduki ya kuchezea inayorusha maji, na sampuli yake ya awali ilikuwa na mabomba ya PVC na chupa tupu ya soda ya lita mbili. Baadaye alibuni pia Nerf zinazotumia hewa, na mwaka 2013 Hasbro, kampuni yenye Nerf, waliamriwa kumlipa dola milioni 72.9 za mrabaha aliokuwa akiudai. Fundi bomba gani atasoma habari hiyo asilitazame begi lake la vifaa upya?

Vishale bado vinanisumbua. Sponji ninayotumia ni ile kamba ya mviringo ambayo mafundi wa aluminiamu huijaza kwenye nafasi za madirisha kabla ya kupaka silikoni. Wananipa mabaki. Inakuja imejikunja kutokana na kuviringishwa, kwa hiyo naitundika chini ya bati na jiwe dogo mwishoni, na joto la mchana linainyoosha. Naikata milimita 40 badala ya 72 za kishale cha kawaida cha Nerf, maana kifupi kinatulia zaidi hewani, halafu natoboa mbele kwa msumari wa moto na kumimina gundi. Tatizo ni kipenyo: mabaki mengi ni ya milimita 10 au 15, na ninayoihitaji ni ya 13. Ya 15 inaingia kwa nguvu na kukwama, ya 10 inapeperuka. Anayejua duka la Tanga, Dar au Mombasa linalouza ya milimita 13 kwa roli, tafadhali aniachie jina lake hapa chini. Nitamtumia vipimo vya kishikio, pamoja na mpangilio wa tii ya PPR, kile kiungo chenye umbo la T, ninayoijaribu sasa ili blasta ibebe vishale sita kwa mpigo.