Kabla ya Banda, Tazama Mteremko

Nilipojenga banda la kuku 500 wa mayai katika kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, cha familia yetu huko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilipima kila kitu isipokuwa mteremko. Nilijua idadi ya mabati na mahali pa kuning'iniza vyombo vya maji, lakini sikujiuliza mvua ikishatoka kwenye paa ingeelekea wapi. Rundo la mbolea nililiweka upande wa chini kwa sababu ndiko toroli lilikoshuka kwa urahisi, hatua chache tu kutoka kwenye mfongo, mfereji wa asili unaowapelekea majirani maji.

Masika ilipokolea, mzee wa kaya ya chini alinijia asubuhi na ndoo mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaiinamisha ndoo nione: maji yenye rangi ya chai ya rangi, maranda ya mbao ninayotandika bandani yakielea juu na unyoya mmoja umenata ukingoni. "Mwanangu," akasema, "mayai unauza mjini, sisi unatuletea haya?"

Hesabu niliyopaswa kuifanya mapema niliifanya jioni ile. Kuku wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha takribani gramu 100 kwa siku. Kuku 500 ni kilo 50, na kwa mwezi ni tani moja na nusu. Wazee wetu walifuga ng'ombe wawili au watatu zizini, wakawalisha majani ya migomba na nyasi, na samadi ikarudi kwenye migomba ile ile, hivyo kilichotoka shambani kilirejea shambani. Kuku wangu wanakula mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa vilivyotoka mbali, kwa hiyo kila gunia la chakula linaongeza naitrojeni ambayo kihamba cha nusu ekari hakiwezi kuimeza yote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. (Mifongo yetu ilivyosongamana, ukiihesabia umbali huo kila mmoja, hutapata hata pa kujenga choo.) Ndiyo maana naona mfugaji wa mlimani hana budi kupanga kwa kufuata mkondo wa maji kuliko kutegemea umbali peke yake.

Nimehamishia mbolea upande wa juu, kwenye sakafu ya saruji yenye paa na kizingiti kuizunguka. Paa la banda limefungwa mifereji inayopeleka maji kwenye tangi, na upande wa juu wa mfongo nimeotesha safu mbili za matete, ambayo pia ni malisho ya ng'ombe. Harufu kali iliyokuwa ikiwashutua wageni ilipungua nilipobadilisha vyombo viwili vya maji vilivyokuwa vikivuja, kwa kuwa maranda yakilowa ndipo gesi ya amonia hupanda. Mbolea inayozidi wanaichukua wakulima wa mboga wa tambarare, ikiwa imeshaiva, kwani mbichi huunguza miche.

Lililobaki ni shimo la kuzikia mizoga ya kuku. Sehemu pekee yenye udongo wa kina iko juu kidogo ya chemchemi ya yule mzee, na hapo sitachimba. Hadi nitakapopata mahali pengine, kuku hawataongezeka.