Nyongeza ya mshahara isingoje jukwaa la Mei Mosi

Kila Aprili inapokaribia kwisha, katika ofisi za walimu hapa Tanga huulizwa swali moja: safari hii Rais atatamka nini? Mwaka 2021 kule Mwanza tuliombwa kuvuta subira; mwaka 2022 ikaja nyongeza ya asilimia 23.3 kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma. Mwaka 2023 mjini Morogoro ikarejeshwa nyongeza ya mwaka iliyokuwa imesimama kwa muda mrefu. Na mwaka 2025 mjini Singida kima cha chini kikapandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Naishukuru Serikali kwa hatua hizo, na shukrani yangu ni ya dhati. Hata hivyo, mtumishi anayeujua mshahara wake ujao kwa kusikiliza hotuba hana makubaliano na mwajiri wake, ana matumaini tu, na matumaini hayo yanapoishia hewani ndipo watu huanza kuulizana kama tugome au tusigome.

Tuitazame slipu ya mshahara yenyewe. Anayepokea 500,000 hukatwa 25,000 za mfuko wa pensheni, 15,000 za bima ya afya, kodi ya shilingi 16,400, na kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, zinaondoka 10,000 nyingine. Zinabaki 433,600, kabla ya kodi ya nyumba Makorora na nauli za watoto. Mwenye deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wote wa msingi. Tena tangazo la asilimia kubwa huhusu kima cha chini. Walio juu yake hupata kiasi kidogo zaidi. Julai ya mwaka 2022 mwenzangu aliifungua slipu yake mbele yetu wakati wa chai, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni bila kusema neno. Hakuwa amedanganywa na mtu, ila hakukuwa na mahali popote ambapo yeye, au aliyemwakilisha, alikuwa amekaa mezani na kukubali kiwango kile.

Wapo wanaodhani kwamba sheria inakataza mtumishi wa umma kugoma. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma, na inaweka njia: mgogoro wa kimaslahi, kama huu wa mishahara, hupelekwa kwenye usuluhishi, hutolewa siku 30, wanachama hupiga kura, na mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Anayegoma kwa kufuata taratibu hafukuzwi kazi kwa sababu hiyo, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku alizogoma. Kwa utumishi wa umma ipo pia sheria ya majadiliano ya mwaka 2003, yenye masharti yake. Tatizo letu halijawa kukosa haki, limekuwa kuifikia haki hiyo tukiwa tumejiandaa nusu nusu. Mgomo wa walimu ulioanza tarehe 30 Julai 2012, wenye dai la nyongeza ya asilimia 100, ulidumu siku chache tu kabla Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, haijautamka kuwa batili. Walimu wakarudi darasani na dai lao mkononi.

Tangu hapo tumezoea kitu ambacho kwangu ni kibaya kuliko mgomo wowote, nacho ni mgomo baridi. Mwalimu anafika saa moja na nusu, anasaini daftari la mahudhurio, andalio la somo limejazwa vizuri, azimio la kazi lipo kabatini, lakini kipindi cha nne watoto wamekaa peke yao na kiranja anaandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu yuko nje anapokea simu ya mteja wake wa vitenge, au ameondoka mapema kwenda kufundisha tuisheni ya kulipia. Simtetei, na wala simlaani, kwa sababu najua mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, unavyomfuata. Nasema tu kwamba mgomo wa namna hii hauna tarehe ya kuanza wala ya kumalizika, hauna dai lililoandikwa, hakuna wa kuzungumza naye, na anayeulipia ni mtoto wa darasa la tatu ambaye hadi leo hajui kusoma. Mgomo wa halali wa siku tano, wenye kura na barua, unamheshimu mtoto huyo kuliko miaka mitano ya kufundisha nusu.

Kwa wauguzi na madaktari hukumu yangu ni tofauti. Sheria inaiweka afya miongoni mwa huduma muhimu, pamoja na maji na umeme, ambazo watumishi wake kwa kawaida hawaruhusiwi kugoma, na naona ni sawa, kwa kuwa mjamzito aliyeletwa usiku kutoka Pangani au Mkinga hawezi kungoja usuluhishi. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 uliwaumiza wagonjwa, na uliwaumiza madaktari pia: Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa akiwaongoza, alitekwa Juni mwaka huo, akapigwa vibaya na kutupwa Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam. Lakini anayenyimwa silaha ya kugoma anastahili kupewa badala yake, yaani uamuzi wa mwamuzi huru unaoibana Serikali na kutolewa haraka. Sheria hiyohiyo inaruhusu makubaliano ya huduma za kiwango cha chini zitakazoendelea wakati wa mgomo, na ningependa kuona vyama vya sekta ya afya vikiyadai kwa nguvu zote.

Mkoa huu si mgeni wa jambo hili. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde mwaka 1958, wakati ambapo anayegoma alikuwa na kinga ndogo sana.

Kwa hiyo, kwenye mkutano ujao wa tawi letu nitaleta hoja mbili. Ya kwanza, chama kidai mkataba wa pamoja wa mishahara wa miaka mitatu, wenye viwango vya kila daraja na tarehe ya kulipa malimbikizo, usainiwe kabla bajeti haijapelekwa bungeni Dodoma. Ya pili, sehemu ya ile asilimia 2 tunayokatwa iwekwe katika akaunti ya akiba ya mgomo, taarifa yake isomwe kila robo mwaka mbele ya wanachama, ili siku kura ikipigwa mwalimu wa Ngamiani mwenye watoto wanne asilazimike kuchagua kati ya wenzake na unga wa ugali.